Jinsi ya kufurahia muvi ya visu ya bei poa msimu wa Halloween

Oktoba ikifika na Halloween, sikukuu ya kutishana ya tarehe 31, ikikaribia, maswali ni yaleyale. Nianze na ipi? Inatisha kiasi gani? Mbona waigizaji wenyewe wabovu hivi na bado mnaisifia? Naweza kuiweka sebuleni watoto wakiwepo? (Hili la mwisho jibu lake ni hapana, na nitalirudia huko chini.) Nimechoka kumjibu mmoja mmoja inboksi, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Tunazungumzia muvi za aina moja tu. Kuna muuaji, mara nyingi kavaa barakoa, ana kisu au panga, na kuna kundi la vijana wanaopungua mmoja mmoja mpaka anabaki binti mmoja. Majini hamna, mizimu hamna, mtoto anayeongea kwa sauti ya mzee hamna. Kwa tuliokulia Pwani hiyo ni nafuu kubwa. Muvi ya jini unalala nayo, maana habari za majini tumezaliwa tukazikuta nyumbani. Jamaa wa barakoa anayefukuza watu kwenye kitongoji cha Illinois, Tandika hafiki.

Nyingi zilitengenezwa Marekani na Kanada kuanzia 1978 hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa hela ya kuungaunga, harakaharaka, na watu ambao ndio kwanza walikuwa wanaingia kwenye kazi hiyo. Ubovu wake una utamu, ila utamu huo haujileti wenyewe. Ukikaa kimya umekunja mikono unasubiri ufurahishwe, utatoka hapo unalalamika umepotezewa usiku. Mtazamaji naye ana kazi yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muvi yenyewe, umeikodi au umeishusha mapema kutoka sehemu halali. Usitegemee bando la usiku huohuo.
- Watu wanne hadi saba. Ukiwa peke yako inabaki kuwa muvi mbovu tu. Wakizidi kumi, hakuna anayesikia kitu.
- Spika yoyote ya nje. Spika za ndani ya TV nyingi humeza maneno na kutema mayowe.
- Bisi, karanga, mihogo ya kukaanga, soda. Chakula kizito kiliwe kabla. Samaki gizani, mwiba utakupata kabla muuaji hajampata mtu.
- Karatasi na kalamu. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 4.
- Taa ndogo kwenye njia ya kwenda chooni.

Hatua ya 1: Anza na ya kupimia, halafu ushuke

Kosa la kwanza la wageni ni kuparamia muvi mbovu kuliko zote walizowahi kusikia. Ukifanya hivyo hutajua ni nini kinaigwa vibaya. Anza na Halloween ya John Carpenter, ya 1978. Hii si mbovu hata kidogo, ila ndiyo iliyowafungulia wengine mlango. Ilitengenezwa kwa dola 300,000 na ushee, ikapigwa kwa siku 20 hivi, ikaingiza makumi ya mamilioni ya dola. Baada ya hapo kila aliyekuwa na kamera na shamba la mjomba lenye miti akaona naye anaweza.

Tena itazame ukijua umaskini wake, inanoga zaidi. Hadithi inatokea Illinois mwishoni mwa Oktoba, majani yanapukutika. Lakini walipiga California wakati wa machipuko, kila kitu kijani. Kwa hiyo majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, wakipiga tukio wanayazoa na kuyatia kwenye mifuko, wanahamia mtaa wa pili wanayamwaga tena. Barakoa ya muuaji ni sura ya nahodha wa Star Trek, ile tamthilia ya TV ya anga za juu, iliyonunuliwa dukani kwa dola mbili hivi, wakapanua matundu ya macho na kuipaka rangi nyeupe. Ukiwa na macho makali utaona minazi ya mapambo ya California nyuma ya nyumba za "Illinois". Atakayeiona wa kwanza mpe mhogo wa ziada.

Ukishaiona hiyo, shuka ngazi. Mapendekezo yangu kwa mgeni, na mpangilio huu nimeufanya kwa makusudi:

Friday the 13th (1980). Kambi ya vijana msituni, ziwa, mvua. Bajeti yake ilikuwa kama nusu milioni ya dola. Angalizo: kama unamsubiri Jason, muuaji maarufu wa mfululizo huu, mwenye barakoa ya hoki, kwenye hii utasubiri mpaka majina yaishe. Barakoa ile inaingia sehemu ya tatu, 1982. Watu wengi hukasirikia muvi ya kwanza kwa kutokuwa na kitu ambacho haikuwahi kuahidi.

The Slumber Party Massacre (1982). Mabinti wanalala nyumbani kwa mwenzao, jamaa anakuja na drili kubwa kupita kiasi. Iliandikwa na Rita Mae Brown kama kejeli ya muvi za aina hii, halafu mwongozaji, Amy Holden Jones, akaipiga kama muvi ya kweli. Ndiyo maana haieleweki kama inatania au la, na hapo ndipo raha ilipo. Haifiki hata dakika 80. Kuna mleta piza anafikishwa mlangoni akiwa maiti, na baadaye kidogo binti mmoja anaamua kwamba piza haina kosa. Hapo sebule nzima itapiga kelele.

Sleepaway Camp (1983). Kambi tena. Hii uiache mwishoni, na usisome chochote kuihusu kabla. Namna inavyoisha watu wanabishana mpaka leo, na mgeni wako mmoja anaweza asiipende kabisa. Ila mchunguze yule polisi. Tukio moja ana masharubu yake mwenyewe, baadaye anarudi na masharubu ya bandia ambayo hata aliye jikoni atayaona.

Angalizo jingine kubwa: kaa mbali na muvi za miaka ya karibuni zilizotengenezwa mbovu kwa makusudi ili uzicheke. Mtu anayekukonyezea jicho kila dakika anachosha. Tunachokitafuta ni kazi ya mtu aliyejituma kwa moyo wote, pesa ikamwishia, na bado hakuacha.

Na ukiona Halloween III ya 1982, ujue yule muuaji wa mbili za kwanza hayumo kabisa. Ni hadithi nyingine, ya barakoa za watoto. Mimi naipenda. Usiiweke tu mbele ya watu waliokuja kumwona Michael Myers.

Hatua ya 2: Kagua, halafu waulize wageni

Hizi ni muvi za watu wazima. Nyingi Marekani zina alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. Damu watu wanaitegemea. Kinachowaaibisha ni vifua wazi, maana enzi zile waliviweka bila sababu yoyote, na hasa dakika ambayo mama mkwe anapita na chai. Pitisha macho haraka ujue viko wapi. Mama mkwe akiwepo, ahirisha.

Jambo la pili watu hawalifikirii. Jason anatumia panga. Kwetu panga si kifaa cha sinema. Kama kuna mgeni aliyetoka Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo, au aliyeyaona ya Kenya mwanzoni mwa 2008, usimkalishe tu na kubonyeza. Muulize mapema, mkiwa wawili, bila kuifanya hadithi: "Ina mapanga, upo sawa?" Akisita, chagua ya drili au muahirishe. Hakuna muvi ya bei poa inayostahili usiku mbaya wa mtu.

Hatua ya 3: Tengeneza chumba

Zima taa zote isipokuwa ile ya njia ya chooni. Muvi hizi zilipigwa usiku kwa taa chache. Taa ya sebuleni ikiwaka hutaona kitu zaidi ya sura yako kwenye kioo cha TV.

Ingia kwenye mipangilio ya TV uzime kile kinacholainisha mwendo wa picha. TV nyingi mpya huja kimewashwa, na ndicho kinachofanya muvi ya 1980 ionekane imepigwa jana kwa kamera ya harusi. Kuna mpangilio huitwa "sinema" au "filamu", chagua huo.

Sauti ipime kwa yowe. Usiipime kwa maongezi. Tafuta tukio moja la kelele, weka sauti kiwango ambacho jirani hataamka, halafu urudi mwanzo. Na jirani mwenyewe mwambie mchana. Mitaa ya kwetu ambako ukuta mmoja unashirikisha nyumba mbili, yowe la mwanamke saa tano usiku linaleta wanaume wenye fimbo mlangoni, na ni vizuri kwamba linawaleta. Usiwachoshe bure.

Mlioko Marekani au Kanada mna mtihani wenu: tarehe 31 Oktoba watoto wanagonga milango wakiomba pipi. Wengi wanamaliza kabla ya saa mbili na nusu usiku. Weka bakuli mlangoni na uanze saa tatu. Ukianza saa moja utasimamisha muvi kila baada ya dakika tatu.

Hatua ya 4: Cheza kamari ya karanga

Hapa ndipo karatasi inapoingia. Acha muvi iende dakika 15, simamisha, kila mtu aandike majina mawili: nani atakufa wa kwanza na nani atabaki hai. Waliokosea yote wanaosha vyombo.

Kwenye muvi za kung'fu tulizokulia nazo tulijua steringi hafi. Huku pia steringi hafi, ila steringi ni binti, na humjui mpaka umtafute. Dalili zake: anakataa bia, anasoma au analea watoto wa jirani wakati wenzake wako kwenye starehe, na ndiye pekee anayetazama dirishani na kusema kuna mtu nje. Hawamwamini. Huyo mwekee karanga zako zote.

Wa kufa mapema nao hawajifichi. Anayesema "narudi sasa hivi", hakuna kurudi. Anayemtania mwenzake kwa kumtisha gizani, keshaandikwa. Wawili wanaojitenga na wenzao wakiwa na blanketi, hesabu dakika kumi. Na paka akiruka kutoka kabatini watu wakashtuka, usicheke ukatulia. Paka ni wa kukutoa kwenye ulinzi, muuaji mwenyewe yuko nyuma ya mlango.

Hatua ya 5: Ongea na skrini, lakini kwa adabu yake

Wazungu wengi hufundishwa kwamba kuongea sinema ni utovu wa adabu. Sisi tuna utaratibu mwingine na kwa muvi hizi ndio sahihi. Aliyewahi kukaa kibanda umiza, akasikia Lufufu akitafsiri au DJ Afro akimpachika mzungu jina la mtaani, anajua muvi ya kawaida inavyogeuka shughuli. Watengeneza muvi wa Wakaliga, kule Kampala, wamefika mbali zaidi: Who Killed Captain Alex? ya 2010 ilisambaa duniani ikiwa na sauti ya mtangazaji wao, VJ Emmie, juu yake, na watu wengi hawawezi hata kuifikiria bila yeye.

Kwa hiyo teueni mtangazaji mmoja. Anafanya hivi:

- Anawapa wahusika majina ya kwetu dakika za mwanzo. Huyu Mwajuma, huyu Kelvin wa bodaboda, yule mzee mlevi wa kijijini anayeonya watu wasiende kambini ni Mzee Upara. Majina ya kwenye muvi hakuna atakayeyakumbuka.
- Anashauri. "Dada, nyumba ina milango mitatu, wewe unachagua stoo! Taa haiwaki na bado unashuka! Haya, umempiga kaanguka. Chukua kisu. Chukua kisu! Ameacha kisu, jamani."
- Ananyamaza muziki ukikatika. Kimya kikiingia kabla ya tukio, iacheni muvi ifanye kazi yake. Mkiongea hapo mmejinyima mshtuko mliokuja kuufuata.

Aliyewahi kuiona muvi haruhusiwi kuwa mtangazaji. Hata akiapa hatasema kitu, atasema.

Hatua ya 6: Tazama mikono ya fundi

Baada ya kifo cha pili au cha tatu macho yanazoea, unaanza kuona namna kilivyotengenezwa. Nusu ya raha yangu iko hapa.

Damu kwanza. Zile nyekundu mno, nzito, zenye kung'aa, mara nyingi ni sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Ukiona inateleza polepole kama asali, ndiyo hiyo. Kamera nayo: muvi ikikuonyesha mambo kwa macho ya muuaji, pumzi nzito masikioni, matawi yakipishana mbele, inatisha kweli, na pia imeokoa hela. Hakuna haja ya kumlipa wala kumvisha mtu usiyemwona.

Halafu kuna mshale wa Friday the 13th. Kevin Bacon, kabla hajawa mtu mkubwa, amelala kitandani na mshale unatokeza kooni kutoka chini. Fundi alikuwa Tom Savini, aliyewahi kuwa mpiga picha wa jeshi Vietnam. Kichwa tu ndicho cha Bacon. Mwili wake umeingizwa chini kupitia tundu la kitanda, na shingo na kifua unavyoviona ni vya bandia. Chini ya kitanda wamebanana watu, mmoja anasukuma mshale, mwingine anapampu damu. Wakati wa kupiga, mrija wa pampu ukachomoka. Shingo ya bandia ilikuwa moja, hakuna kurudia. Msaidizi akaushika mrija, akautia mdomoni na kupuliza. Ndiyo maana damu ile inatoka kwa kububujika na mapovu kidogo. Simamisha hapo, rudisha nyuma, waonyeshe wageni.

Hatua ya 7: Msiinuke muuaji akianguka

Kosa la mwisho, na linafanywa na watu wazima wenye akili zao. Muuaji kachomwa, kaanguka, binti analia, mtu anawasha taa na kuanza kukusanya glasi. Kaa chini! Dakika tatu za mwisho ndizo walizozipangia hesabu. Subirini mpaka majina yaanze kupanda.

Kisha gaweni tuzo kwa kupiga kura ya mikono: kifo cha kipuuzi kuliko vyote, mbio mbovu kuliko zote (atakayeanguka mara mbili mahali tambarare ana nafasi nzuri), na nywele bora. Hiyo ya nywele, muvi ya 1983 haishindwi.

Yakitokea haya

*Mtu ameogopa kweli.* Usimcheke. Washa taa, simamisha, mweleze mrija wa chini ya kitanda. Ukishajua kuna jamaa chini ya kitanda anapuliza sharubati, hofu nyingi inaondoka. Bado hajatulia? Muvi imekwisha, wekeni muziki.

*Mtoto ameamka na amesimama mlangoni.* Bonyeza kuzima kabla ya kumwambia chochote. Watoto hukumbuka picha moja kwa miaka.

*Katikati imepooza.* Ni kawaida, muvi nyingi za aina hii huanza kwa kifo, halafu zinatembeatembea mpaka dakika ya 50 hivi. Huo ndio muda wa kuongeza bisi na kwenda chooni. Usikimbize mbele, maana majina ya kamari yanajificha humo.

*Hakuna anayecheka.* Ama mmechagua muvi nzuri kupita kiasi, ama imekuwa ya mateso. Za mateso, zile za kumfunga mtu na kumchelewesha, ni aina nyingine. Badilisha.

*Kiingereza kinawapita baadhi ya wageni.* Wala si tatizo. Mtangazaji atafsiri, na asiposikia vizuri atunge. Mazungumzo ya muvi hizi hayana siri kubwa.

*Kuna anayesema mnamkaribisha shetani.* Mheshimu, usibishane naye sebuleni. Kama ni mwenye nyumba, mmepoteza, hamieni kwingine.

*Umeme umekatika dakika ya 70.* Kaeni humohumo gizani, mtangazaji amalizie kwa mdomo.

*Wanataka nyingine usiku huohuo.* Kama mlitazama ile ya 1978, Halloween II ya 1981 inaendelea usiku uleule pale ya kwanza ilipoishia, safari hii hospitalini. Kabla ya saa sita wekeni. Ikiwa imeshapita, waambieni Jumamosi, na walioshindwa kamari waingie jikoni.